Mwaka Shauri Yako Ilipoitwa Lake View

Siku mliyoniaga, nyinyi mnaoshika funguo sasa, mlinipa kiti cha mbele, shuka la Kimasai na nafasi ya kusema machache. Shuka ninalo. Nafasi ya kusema sikuipata, kwa sababu mwenye ploti, Mwalimu Okumu, aliomba asimame kwanza kwa dakika mbili, na alipokaa wali ulikuwa umepoa na kwaya imeshaenda zake. Kwa hiyo naandika. Sitaandika habari za mshahara, maana hazitoshi kujaza mstari, wala za kupandishwa cheo, maana keateka, mtunza nyumba za kupanga, hapandishwi popote isipokuwa juu ya paa, kuziba mabati.

Nilianza kazi Migori. Nilikuwa nimetoka Awendo, ambako nilipalilia miwa ya watu mpaka mgongo ukakataa, na binamu yangu akaniambia kuna ploti ya vyumba ishirini na viwili nyuma ya soko inayotafuta mtu wa kufagia. Aliyeitunza alikuwa mzee Mkuria aliyeitwa Chacha, mwembamba, mkavu wa maneno, mtu wa kuvaa koti la sufu hata katika jua la saa nane. Siku ya kwanza alinipa kishada cha funguo ishirini na mbili zisizo na alama hata moja, akaniambia nikafungue chumba cha kumi na saba. Nilianza saa mbili asubuhi. Saa tatu na nusu mpangaji mwenyewe alinifungulia kutoka ndani, akauliza kama kuna jambo.

Nilirudi kwa Mzee Chacha nikiwa na aibu. Alikuwa anakunywa uji. Aliniambia, "Vizuri. Sasa unazijua zile ambazo si zake."

Ndivyo alivyofundisha. Kwake nilijifunza kupaka funguo rangi ya kucha, kila mlango rangi yake, na kusugua penseli kwenye ufunguo kabla ya kuutia katika kitasa kilichokwama, maana mafuta ya kupikia, ambayo wengi wenu bado mnatumia, hukamata vumbi na baada ya mwezi mtavunja mlango. Nilijifunza pia kumsoma mpangaji siku anapohamia. Mzee hakutazama uso wa mtu. Alitazama kinachoshushwa kwanza kwenye mkokoteni. Kikitangulia kitanda, mtu huyo atakaa. Ikitangulia redio, majirani watakuja kulalamika. Kisiposhushwa kitu ila begi moja, mwambie chumba kimeshachukuliwa.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa mbuzi. Mpangaji wa chumba cha tisa, mfanyabiashara mpole aliyetoka upande wa mpakani, alisema kelele tunazosikia ni mtoto wa dada yake mwenye kikohozi. Tulimwonea huruma. Nesi mmoja wa pale jirani akamletea dawa ya kifua. Wiki ya pili kikohozi kilizaa mapacha, na hapo Mzee Chacha akanituma nikazungumze naye kistaarabu. Nilimkuta ameketi kitandani, mbuzi watano wamemzunguka, na chupa ya dawa dirishani haijafunguliwa. Alihamisha mbuzi siku hiyo hiyo. Dawa aliirudisha kwa nesi na kushukuru, na mimi nikajifunza kwamba mpangaji anaweza kusema uongo na bado akawa mtu mwema.

Kila uvumi wa dhahabu ulipotoka upande wa Nyatike, Migori ilijaa wageni waliotaka chumba leo leo na hawakuuliza bei. Wenye ploti wengine waliwatoa wapangaji wao ili wawaweke hao. Mwenye ploti yetu alikuja mara moja na wazo hilo. Mzee Chacha alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba mwenye dhahabu hukaa wiki na mwenye sufuria hukaa miaka, na yeye ni mzee, hawezi kufagia chumba kila wiki. Basi wazo likafa. Nilidhani ni uvivu wake wa kufagia. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba hakuwa mvivu hata kidogo.

Alipostaafu na kurudi kwao, ploti iliuzwa, na yeye ndiye aliyeninong'onea kwamba Homa Bay kuna mwalimu anayetafuta keateka. Ndipo nikafika kwa Mwalimu Okumu, mtaa wa Shauri Yako, vyumba kumi vinavyozunguka ua, bomba moja katikati, na ziwa likionekana kutoka madirisha matatu ukisimama juu ya kitu.

Mwalimu Okumu alikuwa amefundisha Kiswahili maisha yake yote na hakukubali kwamba alikuwa amestaafu. Mpangaji akimwandikia ujumbe wa simu kusema "maji imepotea", alijibu "yamepotea", na maji yakaendelea kupotea. Si mtu mbaya. Ningekuwa nafanyia kazi mtu mbaya ningeongeza kurasa chache. Aliniita Nyar Asumbi, binti wa Asumbi, kwa sababu ndiko nilikozaliwa, na ploti nzima ikafuata. Jina langu la ubatizo, Perpetua, lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Kati ya wapangaji, wawili ndio mnaohitaji kuwajua. Wa kwanza ni Mama Benta wa chumba cha nne, mjane kutoka Sori, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mama wa watoto watatu waliozaliwa wote akiwa kwenye chumba hicho. Alianika omena kwenye paa letu kwa ruhusa yangu, na paka wa mtaa mzima walimheshimu kuliko chifu. Wa pili ni Fundi Opiyo wa chumba cha kwanza, kinachotazama barabara. Ni shemasi wa Kisabato, mtu asiyesema uongo hata kwa kusaidia, na kazi yake ni kutengeneza majeneza. Aliyapanga nje ya mlango, na watoto wakichoka kucheza waliyakalia kama mabenchi. Hakuna aliyeona ajabu.

Nilikuwa nimekaa pale miaka kumi na mitatu, chumba cha kumi, habari zilipokuja kwamba ile sherehe kubwa ya taifa, ambayo huzungushwa mji hadi mji, safari hii italetwa kwetu. Mji uliamka kama nyumba iliyosikia mkwe yuko njiani. Barabara zilipigwa lami mpaka mahali ambapo magari ya wakubwa yangegeukia, si zaidi. Miti ilipandwa ikiwa mikubwa tayari. Vibanda vya mandazi na vya kunyolea viliondolewa ili matofali ya kutembelea yapangwe, na taa za barabarani zikawekwa Shauri Yako kwa mara ya kwanza. Watu walisimama chini yake kutazama balbu mchana.

Wiki hiyo Mwalimu alikwenda Kisumu kumtembelea mpwa wake, akarudi na neno jipya. Alinikuta nafagia ua, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tunaingia kwenye bienbi. Nilidhani ni ugonjwa, nikamwambia pole. Akanieleza kwamba ni chumba cha kukodisha kwa siku, mgeni anakitafuta kwenye simu, anakuta picha, analala siku mbili anakwenda, na siku hizo mbili zinamzidi mpangaji wa mwezi. Nairobi yote itashuka hapa, alisema, na hoteli zimejaa. Nilimuuliza wapangaji watakwenda wapi. Akasema watapisha kwa muda. Nilimuuliza muda gani. Akaanza kuhesabu milango.

Jambo la pili lililomsumbua lilikuwa jina. Mpwa wake alikuwa amemweleza kwamba hakuna mgeni wa Nairobi atakayelipa kulala mahali panapoitwa Shauri Yako. Kibao kipya kikaja, cha buluu, kimeandikwa Lake View. Kilipigiliwa kwenye ukuta ambao haukuwa na dirisha.

Barua ziliandikwa na Mwalimu kwa mkono wake, nane, za Kiswahili kilichonyooka. Mimi ndiye niliyezisambaza. Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa, lakini nilizibeba, na sababu yangu ilikuwa kwamba nisipozibeba mimi atazibeba mtu asiyejua kugonga mlango. Hiyo ni sababu ambayo mtaisikia kwa makeateka wote wanaobeba barua za namna hiyo. Nesi Lilian wa chumba cha sita alisoma yake akiwa amesimama, akaenda kazini, na jioni akaanza kufunga vyombo bila kunisemesha. Hakurudi tena. Alipata chumba huko Rangwe, na kila siku akawa anasafiri kuja hospitali kututibu sisi tuliomhamisha.

Mama Benta aliniambia nimsomee, macho yake yalikuwa na moshi. Nilimsomea kwamba kwa heshima na taadhima, wapangaji wote wanaombwa kupisha maendeleo ndani ya siku kumi na nne. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Alikuwa anapepeta omena na hakuacha.

"Huyu Maendeleo," akaniuliza, "ako na watoto wangapi?"

Nilicheka, kwa sababu nilidhani anatania. Yeye hakucheka. Alisema chumba chake kilikuwa kimetosha wanne, na angetaka kujua anayekuja ni mkubwa kiasi gani. Kisha akanyanyua ungo, akaingia ndani, na nilisimama pale mlangoni na barua zangu nne zilizobaki.

Fundi Opiyo peke yake ndiye niliyemwokoa, na jinsi nilivyomwokoa ndiyo sababu ya yaliyofuata. Mwalimu alikuwa anahitaji vitanda vinane vya haraka, na maseremala wote wa mji walikuwa kwenye uwanja wa sherehe. Nilimwambia seremala anaye hapo hapo, chumba cha kwanza. Amwache abaki, naye atengeneze vitanda. Mwalimu alikubali kwa masharti mawili, kwamba majeneza yaingizwe ndani yasionekane, na kazi iishe kwa wiki mbili. Opiyo alisema ni sawa, ila Ijumaa jua likielekea kutua anafunika msumeno mpaka Jumamosi jua litue, sherehe au hakuna sherehe. Aliniuliza wageni wana urefu gani. Nikasema sijui, ni watu wa kawaida. Akasema basi anajua vipimo vya watu wa kawaida.

Sikwenda kutazama kazi yake. Hilo ni kosa, na mlikumbuke. Siku zile nilikuwa napaka rangi, naning'iniza mapazia, na kuziba matundu ya misumari ambayo watu walikuwa wametundikia maisha yao. Siku tatu kabla ya wageni, Mwalimu alinijia uani, akasifu rangi, akasifu mapazia, akakohoa.

"Nyar Asumbi," alisema, "chumba chako kina dirisha la ziwa."

Nilielewa kabla hajaendelea. Alisema ni kwa siku chache tu, kwamba Opiyo ameshaongeza kitanda cha tisa, na kwamba bila shaka nina ndugu mjini. Sina ndugu Homa Bay, naye alijua. Nilikunja godoro. Nilizunguka mji mzima siku hiyo kutafuta pa kulala, na kila ploti niliyoingia keateka alinitazama kwa macho niliyokuwa nimewatazama nayo wengine, akasema vyumba vyote vimechukuliwa na wageni. Hata stoo. Hata jiko la mama mmoja wa Makongeni lilikuwa na mgeni wa Nakuru.

Ikabaki sehemu moja. Mama Benta alikuwa amepata chumba juu kabisa, mteremko wa kilima cha Asego, nyumba ambayo haijapigwa plasta, madirisha yamezibwa kwa mabati. Nilipanda na godoro kichwani saa kumi jioni. Aliniona kutoka mbali, kwa sababu mtu mwenye godoro kichwani haonekani kama mtu mwingine, akanisubiri mlangoni amekunja mikono.

"Umeleta barua ingine?" akauliza.

"Safari hii nimeletewa mimi," nikasema.

Alilitazama godoro. Kisha alicheka, akacheka mpaka akashika ukuta, akawaita watoto waje wamwone Nyar Asumbi amepisha maendeleo. Nilisimama na godoro langu huku wakinicheka wote wanne, na nakiri kwamba katika wiki zile tatu ilikuwa mara ya kwanza kupumua vizuri. Tulikula ugali na omena. Aliniwekea godoro karibu na ukuta usiovuja. Hakunidai neno la kuomba radhi, na ndiyo maana nililisema mwenyewe kesho yake asubuhi tukiwa tunateka maji. Alisema amesikia, nishike mtungi.

Wageni wakaja. Nilishuka kila alfajiri kufungua vyumba vya mtaa ambao sikuwa naishi tena. Niliwapokea, nikawakabidhi funguo zenye rangi ya kucha, na ndipo nilipoingia kwa mara ya kwanza kuona vitanda vikiwa vimetandikwa.

Vilikuwa vizuri. Mbao safi, msasa wa hali ya juu, varnishi inayong'aa mpaka unajiona. Lakini vilikuwa vyembamba, vimepanuka kidogo mahali pa mabega na kukonda kuelekea miguuni, na kila kimoja kilikuwa na vishikio sita vya shaba pembeni. Magodoro yalikuwa yamekatwa kwa kisu yafuate umbo. Nilimwita Opiyo, nikamwonyesha vile vishikio kwa kidole. Akaniambia kwa utulivu kwamba vinasaidia kuhamisha kitanda wakati wa kufagia.

Chumba changu mimi kilikuwa kimepewa ofisa mmoja wa itifaki kutoka Nairobi, mtu mnene, mwenye adabu. Asubuhi nilimkuta uani akijinyoosha shingo. Alisema amelala vizuri, ila alishindwa kugeuka, na alipoamka alikuta mikono yake imekunjwa kifuani na hakumbuki kuikunja. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, fundi wetu kazi yake ya kila siku ni ipi. Nikasema useremala. Akauliza useremala wa nini. Nikasema wa vitu mbalimbali vya nyumbani. Fundi Opiyo alikuwa anapita na ndoo.

"Majeneza," alisema Opiyo, akaendelea na safari yake.

Ofisa alirudi chumbani akavitazama tena vishikio. Halafu aliomba godoro la sakafuni. Hadi saa nne wote tisa walikuwa wameomba godoro la sakafuni, na walimu wawili wa kike kutoka Nakuru walinitaka nifunike kitanda chote kwa shuka, halafu wakaomba shuka litolewe kwa sababu kilipofunikwa kilikuwa kibaya zaidi. Lakini watu wa sherehe hawana kinyongo. Waliimba, wakala samaki, wakapiga picha vishikio. Mmoja aliandika kwenye simu, mahali pa kutoa maoni, kwamba Lake View alilala kama marehemu. Mwalimu alinisomea kwa fahari. Alidhani ni sifa, na sikuona faida ya kumfundisha mwalimu.

Siku ya nne wakaondoka. Asubuhi moja tu, magari yote yalipanda barabara ya kutokea mjini, na mji ukabaki na bendera, chupa za maji na lami mpya. Mwalimu aliniambia tusubiri wikendi. Tulisubiri. Wikendi hiyo alikuja mtu mmoja, kumbe amepotea njia. Mwezi ukapita, na wa pili. Nilifagia vyumba visivyo na mtu, nikafuta vumbi kwenye vitanda tisa, na rangi niliyoipaka ikaanza kubambuka kwa unyevu wa ziwa kwa sababu hakuna aliyewasha jiko ndani. Nyumba bila moshi huoza. Hilo nalo Mzee Chacha aliwahi kuniambia.

Na mtaa haukurudi ulivyokuwa. Ploti ya jirani ilivunjwa ili ijengwe ghorofa. Kodi iliyopandishwa kwa ajili ya siku nne ilisahau njia ya kushukia. Kinyozi aliyeondolewa kibanda alikwenda Oyugis. Taa za barabarani ziliwaka kila jioni, zikimulika milango iliyofungwa, huku watu waliozingoja miaka yote hiyo wakiwa wamehamia gizani, juu huko Asego, na mimi nikiwa mmoja wao.

Mwalimu alishikilia mpaka mwezi wa tatu. Siku moja, baada ya kanisa, tulimwona anapanda mteremko kwa viatu vyake vya mazishini, amebeba mkate na sukari. Mama Benta alimkaribisha kwenye kiti kimoja tulichokuwa nacho. Mwalimu alianza kwa methali, akapita kwenye hali ya hewa, akafika polepole kwenye chumba cha nne, ambacho alisema kimemkumbuka. Mama Benta akasema hata yeye amekikumbuka. Lakini alitaka karatasi.

Mwalimu alisema wamekaa pamoja miaka mingi bila karatasi. Mama Benta akajibu kwamba ndiyo, na alipotolewa ilikuja karatasi. Kwa hiyo kumbe Mwalimu anajua kuandika. Nilikwenda kutazama sufuria ambayo haikuwa jikoni.

Waliandika pale pale, kwenye daftari la mtoto. Mama Benta alisema, Mwalimu akaandika: kwamba hatatolewa kwa sababu ya mgeni wa siku mbili wala wa siku kumi, kwamba akitakiwa kuhama ataambiwa miezi sita mbele, kwamba kodi itabaki ile ya zamani mwaka mzima, kwamba omena itaanikwa. Na kwamba haya yote yawe ni ya kila mpangaji atakayerudi. Mwalimu alitaka kuongeza "isipokuwa panapotokea dharura". Mama Benta akauliza dharura ana watoto wangapi. Mwalimu akakata sentensi. Alipomaliza, Mama Benta alimwambia asome kwa sauti, akasoma, na mahali pamoja akamsimamisha.

"Umeandika 'anaweza kurudi'," akasema. "Andika 'anarudi'."

Mwalimu alitazama daftari, mwalimu wa Kiswahili wa miaka thelathini na kitu, akaichukua kalamu akasahihisha. Mimi nilitia sahihi kama shahidi. Wapangaji watano kati ya wanane walirudi, na mimi nikarudi chumba cha kumi. Vitanda vile Opiyo aliviongezea vifuniko, na vyote vilipata wenyewe, taratibu, bila malalamiko.

Mwaka uliofuata ulitangazwa mkutano mwingine mkubwa, wa wajumbe kutoka kila kona ya nchi. Mwalimu alikuja uani mara tatu kwa siku moja, akatazama milango, akatazama paa lenye omena, akarudi kwake. Alikuwa anawashwa. Lakini karatasi ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kila chumba, nakala sita, kwa mwandiko wake mwenyewe. Basi akakodisha nyumba yake. Mke wake alikwenda kwa dada yake, na Mwalimu akanijia na ndoo, taulo na begi moja, kuuliza kama kuna chumba. Chumba cha Nesi Lilian kilikuwa bado wazi. Nilikumbuka fundisho la begi moja, lakini yeye ndiye mwenye ploti.

Alikaa siku nne. Ploti yetu ilikuwa na vyoo viwili, na kwa miaka sita nilikuwa nimemwomba cha tatu. Kila mara alijibu kwa kunisahihisha. Asubuhi ya kwanza alitoka na kanzu yake ya kulalia, karatasi ya chooni chini ya kwapa, akakuta foleni ya watu saba. Alisimama mbele. Mtoto mdogo wa Mama Benta, aliyelelewa vizuri, akamwonyesha mwisho wa foleni ulipo. Asubuhi ya pili aliamka saa kumi na moja na kukuta watu watano. Asubuhi ya tatu hakusema neno lolote kuhusu sarufi ya mtu yeyote. Mkutano ulipokwisha alirudi kwake, na kabla mwezi haujaisha mafundi walikuwa wanachimba. Kwa hiyo nawaambia: barua mwandike, lakini kukitokea nafasi ya kumlaza mwenye ploti ndani ya ploti, msiiache.

Nilistaafu mwaka huu, magoti yalipokataa paa. Sasa niko kwangu Asumbi, nyumba ya vyumba vitatu niliyoijenga kidogo kidogo, karibu na misheni na shule zake za bweni, mpangaji wangu wa pekee akiwa kuku mmoja anayetagia kabatini. Juzi binti yangu alinipigia kutoka Nairobi. Alisema siku za wazazi kutembelea watoto shuleni wageni hukosa pa kulala kabisa, na vyumba viwili ninavyo bure; kwa nini tusiviweke kwenye simu. Nilimjibu kwa ukali. Nilimweleza yote mliyoyasoma hapa, kuanzia barua hadi vishikio, mpaka akaomba radhi na kukata simu.

Baada ya chai nilimpigia tena. Nilitaka kujua tu, kwa kujua, kama wageni wa namna hiyo hutegemea kupewa mayai asubuhi.